Njiwa Aliyeokolewa: Namna ya Kumjengea Imani

Masese ni kitongoji kilicho kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa mashariki wa Jinja, mji uliopandishwa daraja na kuwa jiji tarehe 1 Julai, 2020. Wakazi wake ni mchanganyiko wa makabila mengi, na wengi wao hutegemea ziwa kwa riziki yao. Mashua zirudipo, nyavu hutandazwa ufukoni ili zikauke na kushonwa, nao mukene huanikwa juani. Sokoni na kwenye mashine za kusaga, punje za mahindi na mtama humwagika chini kila siku. Penye punje zilizomwagika hapakosi njiwa, na penye nyavu hapakosi vipande vya nyuzi za nailoni. Mambo hayo mawili yakutanapo, njiwa huumia.

Njiwa hutembea chini anapotafuta chakula, tena huburura miguu. Uzi ukimzunguka kidole, yeye hana mkono wa kuufungua. Kila akijivuta, kitanzi hukaza. Damu huzuiliwa, kidole huvimba, huwa cheusi, na mwishowe hukatika. Jambo hili si la Masese peke yake. Mwaka 2019 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu njiwa wa jiji la Paris, nao wakaona kwamba njiwa wenye vidole vilivyokatika walikuwa wengi zaidi katika mitaa yenye watengeneza nywele wengi. Nywele zilizofagiliwa nje huwafunga miguu kama vile uzi wa wavu ufanyavyo kwetu.

Basi si ajabu mtoto kurejea nyumbani akiwa amempakata njiwa anayechechemea, asiyeweza kuruka wala kukimbia. Mambo yanayofanyika katika saa ya kwanza ndiyo yanayoamua kama ndege huyo ataishi. Yale ya siku zinazofuata ndiyo yanayoamua kama ataishi kwa hofu au kwa amani.

MTAMBUE KWANZA NI NDEGE GANI

Jina la njiwa hutumiwa kwa ndege wengi. Yuko njiwa manga, yule wa kufugwa, ambaye hukaa juu ya mapaa ya nyumba na maghala, na rangi zake ni nyingi: kijivu, nyeupe, nyeusi, kahawia. Huyu amekaa na wanadamu kwa maelfu ya miaka. Wako pia ndege wa mwituni wa ukoo huo huo: hua mwenye ukosi mweusi shingoni, pugi mdogo wa vichakani, na ninga wa kijani apendaye matunda ya mitini.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Njiwa manga aliyeokolewa aweza kufanywa mwenzi wa nyumbani bila kumdhulumu. Ndege wa mwituni hafai kuzoeshwa watu. Yeye atibiwe, alishwe, kisha arudishwe mwituni haraka iwezekanavyo, na katika siku zote hizo asemeshwe na kushikwa kidogo tu. Hua aliyejifunza kuwaamini watu atamwamini pia mtoto mwenye manati. Zaidi ya hayo, wanyamapori wa Uganda wako chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, nayo husimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Mwenye shaka na aulize huko kabla ya kumfungia ndege wa porini tunduni.

Tazama pia kama ana pete mguuni. Njiwa mwenye pete aghalabu ana mwenyewe, na haki ni kumtafuta huyo mwenyewe kwanza.

SAA YA KWANZA: JOTO, GIZA NA KIMYA

Wengi wetu, tumwonapo kiumbe mnyonge, hukimbilia kumpa chakula na maji. Kwa ndege aliyeumia, huko ni kutanguliza la pili. Joto la mwili wa njiwa mzima ni kiasi cha digrii 41 hadi 42 za Selsiasi, na ndege aliyepatwa na mshtuko hupoteza joto hilo upesi. Akiwa baridi, tumbo lake haliwezi kusaga chakula. Yafaa awekwe ndani ya boksi la karatasi ngumu lenye matundu ya hewa, juu ya kitambaa kisicho na nyuzi zinazochomoka, mahali pasipo na upepo. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa yaweza kuwekwa upande mmoja wa boksi, ili ndege mwenyewe achague kuisogelea au kuiepuka. Boksi lifunikwe. Giza humtuliza, kwa kuwa asichokiona hakimtishi.

Baada ya muda wa kutulia, mkague. Mshike kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamekunjwa ubavuni, miguu ikielekezwa nyuma, wala usimbane kifua. Ndege hupumua kwa kupanua kifua, hivyo abanwaye kifuani hukosa pumzi hata kama pua yake i wazi.

Ikiwa uzi umemfunga mguu, usiuvute. Loweka mguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika kadhaa ili uchafu ulainike, kisha utafute mwisho wa uzi na kuukata kipande kwa kipande kwa mkasi mdogo wa ncha butu. Uzi uliozama ndani ya nyama ni kazi ya daktari wa mifugo. Kidole kilichokwisha kuwa cheusi na kikavu pengine kitaanguka chenyewe. Hilo lisiwavunje watu moyo, kwani njiwa wengi huishi vizuri na vidole vichache.

Yako mambo yasiyongoja kesho. Njiwa aliyeumwa na paka, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano, yambidi apate dawa siku hiyo hiyo, kwa sababu mate ya paka yana vijidudu viwezavyo kumwua ndege kwa siku moja au mbili. Bawa linaloning'inia, damu isiyokatika, na utando wa njano kama jibini ndani ya kinywa ni dalili nyingine za kumpeleka kwa daktari wa mifugo bila kukawia.

CHAKULA NA MAJI

Njiwa ni mlaji wa nafaka na kunde. Mpe mtama, ulezi, mahindi yaliyovunjwa, mchele, kunde, choroko au mbaazi. Karanga mbichi zisizo na chumvi ni kitoweo akipendacho, na baadaye zitakuwa na kazi maalumu. Mkate haumpi nguvu ya kutosha, na vyakula vya chumvi na vya mafuta humdhuru. Kwa kuwa hana meno, huhitaji changarawe ndogo za kusagia chakula ndani ya firigisi, na maganda ya mayai yaliyochemshwa na kupondwa humpa chokaa ya mifupa.

Maji yake yawe ndani ya chombo kizito chenye kina cha kama sentimita tatu. Kuku huchota maji na kuinua kichwa ili yateremke, lakini njiwa huzamisha mdomo na kuyanyonya moja kwa moja. Asimiminiwe maji kinywani kamwe. Tundu la kupumulia liko nyuma tu ya ulimi, na maji yakiingia humo ndege hufa mikononi mwa mtu aliyekusudia kumsaidia.

Kinda ni habari nyingine. Njiwa hutaga mayai mawili, nayo huatamiwa na wazazi wote wawili kwa siku 18 hivi. Makinda yakianguliwa, baba na mama huyalisha maziwa mazito yatokayo katika gole, yaani kile kifuko cha chakula kilicho shingoni. Kinda hutambulika kwa manyoya ya njano kama nywele, mdomo mkubwa laini, sauti ya kulialia, na kukosa ule uvimbe mweupe ulio juu ya pua ya njiwa mzima. Yeye hajui kudonoa, bali huingiza mdomo wake katika kinywa cha mzazi. Kinda aliyekwisha kuota manyoya aweza kulishwa mbaazi au choroko zilizolainishwa kwa kuchemshwa, zikapoa hadi uvuguvugu, moja baada ya moja, hata gole lijae kiasi. Asilishwe tena mpaka gole litakapopungua.

KWA NINI ANAKUOGOPA

Siku ya tatu au ya nne ndege amepata nguvu, na hapo ndipo mtoto wa nyumbani huanza kuhuzunika. Aliyemkaribia bila kupinga jana, leo ampiga kwa bawa. Mtoto hudhani kwamba ndege hana shukrani. La hasha. Jana alikuwa mgonjwa mno hata hakuweza kuogopa, na leo amepata nafuu ya kutosha kujitetea. Kofi la bawa ni habari njema.

Hofu yake ina sababu. Macho ya njiwa yamewekwa ubavuni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote bila kugeuka. Maumbile hayo ni ya kiumbe aliwaye na wengine. Mwewe na kipanga humjia kutoka juu. Kwa hiyo mkono unaoshuka juu ya mgongo wake, hata ukiwa umejaa mtama, kwake ni kucha za mwewe. Mtu anayemkazia macho mawili kwa mbele hufanana na mnyama anayewinda. Na anayemfukuza pembeni ya tundu ili ampapase humthibitishia ndege yale yote aliyokuwa akiyaogopa.

Kujenga imani, basi, ni kumwondolea ndege sababu za kuogopa, moja baada ya moja, kwa utaratibu usiobadilika.

HATUA KWA HATUA

Kwanza, tundu lake liwekwe juu kidogo, ngazi ya kifua cha mtu, upande mmoja ukiegemea ukuta ili asihisi kuzungukwa. Liwe na sehemu ya kujificha.

Pili, chakula kiletwe saa zile zile na mtu yule yule. Mlishaji aseme maneno yale yale kwa sauti ya chini kabla ya kufika, ili ndege asishtuliwe. Aweke chakula, akae chini umbali wa hatua chache, ubavu ukielekea tundu, afanye kazi yake: achambue mchele, ashone, asome kitabu cha shule. Asimtazame ndege. Kukaa huku kusikomwomba ndege kitu chochote ndiyo sehemu kubwa ya kazi yote.

Tatu, njiwa akianza kula mtu akiwapo, sogea karibu kidogo kila siku. Akiacha kula, umekwenda mbali mno. Rudi nyuma hatua moja, bila kuona aibu. Mwenda pole hajikwai.

Nne, sasa zile karanga zipate kazi yake. Mtama wa kila siku ubaki katika chombo, lakini karanga zitoke mkononi tu. Mwanzoni ziwekwe sakafuni karibu na mkono uliolala, kisha kwenye ncha za vidole, kisha katikati ya kiganja kilichofunguliwa. Mkono uje kutoka chini na mbele, polepole, wala usifumbwe ndege anapodonoa. Ukimkamata mara moja tu wakati anakula kiganjani, kazi ya wiki mbili imeharibika.

Tano, siku atakapokanyaga kiganja kwa miguu yake mwenyewe, usimwinue. Mwache ashuke atakapo. Njiwa anayejua kwamba aweza kuondoka ndiye anayerudi.

Muda wa hatua hizi hauwezi kupangwa kwa kalenda. Wako njiwa wanaokula mkononi baada ya juma moja, na wako wanaohitaji miezi. Aliyewahi kuteswa huchelewa.

LUGHA YA MWILI WAKE

Mlishaji yampasa ajifunze kusoma. Njiwa aliyejikunja na kuwa mwembamba, shingo juu, macho yamemtoka, ana hofu. Anayeguna na kupiga bawa huilinda nafasi yake. Anayejichambua manyoya mbele yako, anayesimama kwa mguu mmoja, au anayefumba macho ukiwa karibu, amekupa heshima kubwa, kwani ndege hafanyi mambo hayo mbele ya adui. Dume anayevimbisha shingo, akainama, akazunguka na kuburura mkia huku akilia, hana hasira, anabembeleza mchumba. Lakini njiwa aliyevimbisha manyoya ya mwili mzima, ametulia mchana kutwa na hali chakula, asidhaniwe kuwa amezoea. Huyo ni mgonjwa.

ANAMJUA MTU KWA SURA

Watu wengine husema kwamba ndege hana akili ya kumtofautisha mtu na mtu. Mwaka 2011 watafiti wa Ufaransa walieleza jaribio walilofanya na njiwa wa bustani jijini Paris. Wanawake wawili wanaofanana umbo na rangi ya ngozi, wakiwa wamevaa makoti ya rangi mbalimbali, waliwalisha njiwa. Mmoja aliwaacha wale kwa amani, na mwingine aliwafukuza. Hata walipobadilishana makoti, njiwa waliendelea kumkwepa yule mkali. Walikuwa wamemtambua mtu mwenyewe, si nguo.

Fundisho hili lina faida nyumbani. Ikiwa jeraha lahitaji kuoshwa kila siku, na watu wapo, mmoja afanye kazi ya dawa na mwingine kazi ya chakula, ili angalau awepo mtu mmoja ambaye ndege hana kumbukumbu mbaya naye. Ikiwa mtu ni mmoja tu, dawa itangulie, kisha mapumziko, kisha chakula, ili jambo la mwisho ndege alikumbukalo liwe jema.

Wafugaji wa njiwa wa kupeleka barua walilijua jambo hili zamani. Nishani ya Dickin, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1943 kwa ajili ya wanyama waliotumika vitani, imetunukiwa njiwa 32. Njiwa hao hawakurudi kwa sababu ya kuchapwa fimbo. Walirudi kwa kuwa nyumbani palikuwa na chakula, mwenzi na usalama.

SUFURIA, KUKU NA AFYA YA NYUMBA

Liko jambo moja ambalo lafaa lisemwe waziwazi. Katika nyumba nyingi njiwa ni kitoweo, wala hilo si kosa. Kosa ni kumwachia mtoto amfuge ndege kwa majuma matatu, ampe jina, kisha aikute supu mezani. Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la tano aliyeleta njiwa mwenye uzi mguuni, naye bibi yake amekwisha kuteleka maji. "Jajja, tafadhali, huyu si wa kuchinjwa," asema mtoto. "Haya, mjukuu wangu," ajibu bibi, "lakini ukisahau kumlisha siku moja, shauri lake nitalikata mimi." Hayo ni mapatano mazuri. Mtoto amepewa neno, na amepewa wajibu. Neno hilo likivunjwa, anayepoteza imani si njiwa peke yake. Hali kadhalika, ndege mgonjwa au aliyepewa dawa asiliwe kabisa.

Njiwa mgeni asichanganywe na kuku wala njiwa wengine kwa muda wa siku 30, kwani aweza kuleta mdondo na maradhi mengine. Mavi yake yasiachwe yakauke na kuwa vumbi, maana vumbi hilo laweza kudhuru mapafu. Yalowanishwe maji kwanza ndipo yafagiliwe, na anayefagia afunge kitambaa puani. Tundu lisiwekwe jikoni. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika ndege. Ikiwa nyumbani kuna mgonjwa wa kifua au mtu mwenye upungufu wa kinga mwilini, afadhali ndege akae nje kwenye banda, na kazi ya kusafisha afanye mtu mwingine.

SIKU YA KUFUNGUA MLANGO

Njiwa akipona, swali hubaki: aachiwe au akae? Ndege wa mwituni aachiwe mahali pale alipookotwa, asubuhi, hali ya hewa ikiwa njema, akiwa aweza kuruka sawasawa. Njiwa manga mzima, aliyekaa na watu muda mfupi tu, aweza kurudishwa kwenye kundi lake vivyo hivyo. Bali yule aliyelelewa tangu ukinda, au ambaye bawa lake halikunyooka tena, asitupwe sokoni kwa jina la uhuru. Hawajui paka, hajui mashindano ya punje, na mkono wa kila mtu kwake ni mkono wa rafiki. Huyo atunzwe, na ikiwezekana atafutiwe mwenzi, kwa kuwa njiwa ni ndege wa kundi na upweke humdhoofisha. Njiwa atunzwaye vema aweza kuishi zaidi ya miaka 15. Anayeanza kazi hii na ajue urefu wake.

Kwa njiwa wa nyumbani awezaye kuruka, mlango ufunguliwe kwa mara ya kwanza baada ya majuma kadhaa ya kukaa mahali pamoja, tena jioni kabla ya chakula, akiwa na njaa kidogo, mlishaji akiwa karibu akisema yale maneno yake ya kila siku. Ataruka hadi kwenye paa, atazame huku na huku, na pengine atakaa huko muda mrefu. Asirushiwe jiwe wala asifuatwe kwa ngazi. Punje zitikiswe ndani ya kopo alilolizoea, kisha watu wangoje.

Na wale wasio na njiwa nyumbani wana kazi yao pia, iliyo nyepesi kuliko zote. Kipande cha uzi kinachobaki baada ya kushona wavu, kamba ya gunia, na nywele zilizofagiliwa vikatwe vipande vifupifupi, vikusanywe na kutupwa shimoni vikiwa vimefunikwa. Mkasi na dakika mbili za kazi hiyo humwokoa ndege kabla hajahitaji mwokozi.